Ruhusa ya Kwenda Masukulu

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha chai kwa miaka sita. Katika minne ya miaka hiyo nilikuwa na binti wa kazi nyumbani kwangu. Wakati ule sikuwahi kuyafikiria mambo hayo mawili kwa pamoja. Moja lilikuwa la kiwandani, jingine la jikoni, na katikati yake palikuwa na safari ya nusu saa kwa bodaboda.

Kazi yangu yenyewe ilikuwa kwenye chumba cha kuchambulia chai, mahali ambapo majani yaliyokwisha kukaushwa yanachekechwa na kutengwa kwa madaraja. Vumbi la chai lilitukaa kooni na kwenye nyusi. Lakini watu hawakunifahamu kwa kuchekecha. Walinifahamu kwa kijitabu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini nilichotembea nacho mkobani, kimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu mpaka kurasa nyingine hazisomeki vizuri. Msimamizi akimzuia mama anayenyonyesha asitoke kwenda kunyonyesha, naitwa. Mtu akisimamishwa kazi kwa maneno matupu bila barua, naitwa. Nilikuwa nasimama mbele ya meneja, nafungua ukurasa, nasoma kwa sauti. Wanawake wenzangu walipenda kunitania: “Huyu hata akiota, anaota vifungu.”

Binti wangu wa kazi alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakumbeba. Kwao ni kijijini, Masukulu. Aliletwa na mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye, akaja na begi la mgongoni na mkungu wa ndizi ambao mama yake aliutuma kama salamu kwangu. Mtoto wangu mdogo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Mume wangu ni dereva wa lori, mara yuko Tunduma, mara yuko Dar es Salaam, na nyumba yetu pale mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini, ilikuwa inamhitaji mtu mzima kila saa. Tukakubaliana kwa mdomo, tumesimama mlangoni. Karatasi haikuandikwa. Hata haikunijia akilini kwamba ingeweza kuandikwa.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliamka kabla yangu, na nilipokuwa nafunga viatu chai ilikuwa mezani na maji ya kuoga ya watoto yanachemka. Jumapili alikwenda ibada ya kwanza, akarudi kabla jirani zetu hawajatoka ibada ya pili, akaingia jikoni. Kwao alikwenda Krismasi, na mara moja moja wakati mume wangu yuko nyumbani. Watoto walimwita dada. Mimi nilimwambia kila mtu kwamba yule kwangu ni kama mwanangu, na niliamini ninachosema.

Wiki ninayotaka kuisimulia ilikuwa wiki ya mazungumzo ya mkataba wa hali bora, ule mkataba ambao chama na mwajiri wanakaa kuujadili na kuutia saini kwa niaba ya wafanyakazi wote. Tulikuwa tumeusubiri kwa muda mrefu. Mazungumzo yalipangwa kuanza Jumatano, na mimi ndiye niliyekuwa nimeandaa hoja zetu. Mume wangu alikuwa safarini.

Jumanne jioni nilirudi nimelowa, kwa mvua yetu ile isiyo na haraka. Nilimkuta binti amesimama karibu na jiko la mkaa, simu mkononi.

“Mama,” akasema, “mjomba amepiga. Mama yangu ameanguka shambani. Hasemi vizuri, na mkono mmoja hauinuki.”

“Wamempeleka hospitali?”

“Walimpeleka zahanati. Wameambiwa wamlete huku kwenye hospitali kubwa, lakini yeye anakataa. Anasema anataka kwanza kuniona.”

Nilimpa pole. Nakumbuka nilimshika bega. Kisha nikamwambia: “Jumamosi asubuhi na mapema utakwenda. Nitakupa na nauli. Unajua wiki hii nina ule mkutano, na baba yao hayupo.”

Alichukua sufuria akaenda kuosha mchele.

Asubuhi ya Jumatano, nikiwa napanga karatasi zangu kwenye bahasha, alikuja tena. Alikuwa amevaa sweta lake la kutokea. Sasa naelewa kwamba alikuwa amejiandaa, kwamba kama ningesema ndiyo angetoka muda uleule.

“Mama, naomba ruhusa. Siku mbili tu. Nitarudi.”

Nilikuwa nimechelewa, na pikipiki ilikuwa inaunguruma nje. Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo mpaka leo sijapata namna ya kuyarudisha. Nilisema, “Mwanangu, hata kiwandani hatupati ruhusa ya namna hiyo. Sheria inatoa siku nne ukifiwa na mzazi, au mtoto wako akiumwa. Mzazi anayeumwa hayumo.”

Alinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa lugha.

“Kwa hiyo nisubiri afe?” aliuliza.

“Usiseme hivyo. Nimekwambia Jumamosi.”

Nikatoka. Njiani nilijisikia vibaya mpaka tulipofika kwenye mashamba ya chai. Tulipokata kona na kuliona geti la kiwanda nilikuwa nawaza hoja ya kwanza.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Meneja na watu wake walikaa upande mmoja wa meza, sisi upande wa pili, na kwa siku mbili tulivutana juu ya vifaa vya kujikinga, juu ya usafiri wa wanaotoka mbali, juu ya likizo. Kwenye likizo ya msiba nilisimama nikazungumza kwa uchungu wa kweli. Niliwaambia kwamba kwetu mtu hazikwi na kuachwa kama mbegu ya mahindi. Kuna matanga, kuna wageni, kuna vikao vya ukoo, na siku nne hazitoshi. Nilimtaja mchuma chai mmoja aliyerudi kazini akiwa bado na udongo wa kaburi viatuni. Upande wetu walipiga meza kwa vifundo vya vidole. Alhamisi jioni mwajiri alikubali kuongeza siku. Tuliletewa soda na karanga, mwenyekiti wa tawi akasema bila katibu hili lisingewezekana.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na nikamsimulia binti. Ndiyo, nilimsimulia yeye, huku ananiwekea chakula. Nikamwambia tumepata siku za msiba. Akasema, “Hongera, mama.”

Ijumaa, saa nne asubuhi, jirani yangu alinipigia. Ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, tunatenganishwa na ua wa michongoma tu.

“Dada yako wa nyumbani ameniletea mtoto,” alisema. “Mama yake amefariki. Ameondoka analia, hata kandambili hajabadilisha.”

Nilikaa juu ya gunia la chai. Nikasema nilimwahidi kwenda kesho, kwamba mama yake alianza kuumwa Jumanne na mimi nilikuwa na mkutano.

Jirani akanikatiza. “Tangu Jumanne? Sasa mbona hukuniambia? Mimi nashinda peke yangu humu ndani. Ningekaa na watoto mpaka unikataze.”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa na jirani anayependa wanangu, mwenye nafasi na muda, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na katika siku tatu sikufikiria hata mara moja kumwomba. Nilikuwa nimefikiria ratiba yangu, na nikafikiria sheria.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, siku ileile niliyompa ruhusa. Nilikwenda Masukulu kwa pikipiki nikiwa nimebeba sukari, mchele na mafuta ya kupikia, na bahasha ya rambirambi. Msiba ulikuwa mkubwa. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye majani makavu ya migomba, wanaume wako upande wa pili kwenye mabenchi, na kwaya ya kanisa inaimba kwa Kinyakyusa chini ya turubai. Walinipokea vizuri mno. Walinipa kiti, nikakataa, nikakaa chini na wanawake. Kikongwe mmoja alinishika mkono akaniambia “ndaga, ndaga”, ananishukuru kwa kuja, na nilitamani anitukane.

Binti alikuwa ndani, karibu na jeneza. Nilipoinama kumpa pole alipokea mkono wangu bila kuubana. Vidole vyake vilikuwa baridi. Hakuinua macho.

Baada ya kuzika, mjomba wake alinifuata. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la suti juu ya shati la shamba, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wetu, ambao kwao z huwa s.

“Wewe ndiye mwenye kasi?” aliuliza. “Anakofanya kasi huyu mtoto?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Dada yangu alimngoja. Siku ya kwansa alimwita kwa jina. Siku ya pili alimwita. Alhamisi hakuita tena, alikuwa anatasama mlango tu.” Alisimama akavuta pumzi. “Mimi sikugombesi. Nakwambia tu, ili ujue.”

Nilisema pole, na neno lenyewe lilianguka pale katikati yetu.

Binti hakurudi. Baada ya wiki mbili alimtuma mtu kuchukua begi lake. Nilifungasha nguo zake mwenyewe, nikatia na kanga mbili mpya, na begi lilipomfikia yeye, kanga zilirudishwa kwangu na yuleyule aliyetumwa, zimekunjwa vizuri.

Ilipita miezi minne. Nilikuwa nimempata binti mwingine, na nilikuwa nimejizoeza kusema habari ile kwa namna isiyoniumiza: kwamba yule wa kwanza alifiwa, akaacha kazi. Kisha siku moja nikaletewa wito kutoka ofisi ya kata. Nilitakiwa kufika kuhusu shauri la aliyekuwa mfanyakazi wangu wa nyumbani.

Nilikwenda na mkoba wangu. Ofisini nilimkuta mtendaji nyuma ya meza, na mbele yake mabenchi mawili yanayotazamana. Kwenye benchi la kushoto alikaa binti na mjomba wake. Nikasalimia, na bila kufikiri nikaenda kukaa nao. Miaka yote ya ukatibu wangu, katika kila ofisi niliyoingia, nilikuwa nakaa upande wa aliyeonewa. Miguu ilinipeleka yenyewe.

Mtendaji alikohoa. “Katibu,” alisema kwa upole, maana tunafahamiana, “leo wewe unakaa huku.” Akanionyesha benchi lingine.

Niliinuka. Kutoka benchi moja hadi jingine ni hatua tatu au nne. Sijawahi kutembea safari ndefu kuliko ile. Nilipokaa niliuweka mkoba sakafuni, nyuma ya miguu yangu, kana kwamba wangeona kilichomo.

Mtendaji alieleza kwamba angeweza kuwaelekeza waende kwa afisa kazi Mbeya, ila ameona atuite kwanza tuzungumze. Mjomba alianza. Alisema mtoto wao alifanya kazi bila mkataba, bila siku ya kupumzika, bila likizo. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kimoja nilikijua kwa nambari ya kifungu chake. Nilikuwa nangojea tu wafike mwisho waseme wanadai nini. Nilikuwa tayari kulipa chochote. Nadhani nilitaka kulipa, ili liishe.

“Na wewe binti,” mtendaji akauliza, “unataka nini?”

“Nataka barua,” alisema.

“Barua gani?”

“Ya kwamba nilifanya kazi. Nimeomba kazi ya jikoni kwenye shule moja ya bweni. Wameniuliza nimefanya kazi wapi, nikawaambia miaka minne Tukuyu mjini. Wakaniuliza barua iko wapi. Sina kitu cha kuonyesha. Miaka minne ni kama nilikuwa nimelala.”

Cheti cha utumishi. Mfanyakazi anapoondoka mwajiri anapaswa kumpa. Nilishawahi kumlazimisha meneja awaandikie vibarua wawili, na nilimfanya akae chini aandike mbele yangu. Nikamwambia mtendaji kwamba nitaandika sasa hivi. Akanipa karatasi.

Niliandika jina lake, kazi aliyofanya. Tarehe ya kuanza sikuikumbuka. Nilinyanyua uso, na binti akaitaja bila kusita, siku na mwezi. Niliandika usafi, mapishi, malezi ya watoto wawili. Nikaandika kwamba ni mwaminifu na mchapakazi. Nilipofika kwenye sababu ya kuondoka nikaandika: aliacha kazi kwa hiari yake. Nikamkabidhi asome.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama.

“Sikuacha kwa hiari,” alisema.

“Ni namna tu ya kuandika,” nilimwambia. “Itakusaidia. Ukiandika mengine, watadhani uligombana na mwajiri.”

“Sikuacha kwa hiari, mama. Andika kilichotokea.”

Mtendaji alitazama dirishani. Mjomba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilijaribu kufikiria sentensi ya katikati, ile tunayoitafuta kwenye mazungumzo wakati pande zote zimechoka, na haikuja. Nikaomba karatasi nyingine. Nikaandika upya kila kitu, na kwenye sababu nikaandika kwamba mfanyakazi aliomba ruhusa mara mbili kwenda kumwona mama yake mgonjwa, mwajiri akakataa, mama akafariki, na mfanyakazi hakurudi kazini. Nikatia jina langu lote na saini. Mtendaji akagonga muhuri.

Binti alisoma tena mpaka mwisho. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia ndogo aliyokuwa nayo. Mjomba akasema, “Basi,” wakaondoka. Binti hakutaka kingine, ingawa mtendaji alimweleza kwamba ana haki ya kudai zaidi. Mimi pia nilimwambia, uani, nikamtajia na mahali pa kwenda. Alisema, “Najua, mama.”

Tukuyu si mji mkubwa. Barua ile ilisomwa shuleni alikokwenda kuomba kazi, na aliyeisoma ana shemeji kiwandani. Haikupita wiki mbili wanawake wa chumba chetu wakawa wananyamaza ninapoingia. Nilidhani ni heri niwatangulie. Kwenye mkutano wa tawi nilisimama nikawaeleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa. Nikapendekeza kwamba kila mwanachama mwenye binti wa kazi nyumbani amwandikie mkataba na ampe siku ya kupumzika, nasi tuwasaidie kuuandika.

Niliona nyuso zikiinama. Mama mmoja wa idara ya ofisi alisema, “Katibu, ya kwako umalize mwenyewe, usituingize wote.” Mwingine akasema kama binti akipumzika Jumapili, yeye atapumzika lini? Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha raha. Hoja haikupigiwa kura hata kidogo. Mwenyekiti alisema tuiweke pembeni.

Mara ya mwisho kukaa kwenye meza ya mazungumzo niliomba siku za kumuuguza mzazi. Nilikuwa nimeandika hoja hiyo mwenyewe, usiku na mchana imo kichwani. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, “Mama, sheria inatoa siku za kufiwa na mzazi. Mzazi anayeumwa hayumo.” Mwenzangu alinisukuma chini ya meza nijibu, maana katibu alikuwa hakosi jibu. Nilijibu, lakini kwa kuchelewa, na sauti haikuwa yangu. Tulichopata ni siku mbili zisizo na malipo, kwa idhini ya msimamizi. Uchaguzi wa tawi ulipofika niligombea, nikashindwa. Aliyenishinda ni mama mzuri, mwenye bidii. Nilimkabidhi mafaili na kile kijitabu.

Binti wa sasa tumeandikiana mkataba. Alitia saini haraka, bila kuusoma, kwa kuwa mimi ni mkubwa na nimemwambia ni mzuri. Nilimrudisha kwenye kiti nikamwambia asome, akasoma kwa kuogopa, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Siku yake ya kupumzika ni Jumapili. Wiki za kwanza hakutoka. Alinisubiri niondoke ndipo aanze kufagia.

Yule wa kwanza alipata kazi ile ya jikoni. Nilikutana naye mwaka jana sokoni, amevaa aproni ya shule chini ya sweta, anachagua nyanya kwa ajili ya shule. Alinisalimu kwanza, kwa heshima ileile ya zamani. Aliuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine. Nikamuuliza kazi inakwendaje.

“Nzuri, mama. Wana utaratibu. Jumapili hatufanyi kazi, na kila baada ya miezi mitatu tunapewa siku za kwenda nyumbani.”

“Nafurahi,” nikasema. “Sasa unakwenda kwenu vizuri.”

Aligeuza nyanya moja mkononi, akaitazama kama ina doa.

“Siendi sana,” alisema. “Nikifika pale, nyumba imefungwa.”

Muuza nyanya akamuuliza kama anataka ndoo nzima au nusu. Akasema nzima. Nikamsaidia kujitwisha ndoo kichwani, akanishukuru, akaondoka kwa hatua za haraka za mtu anayesubiriwa kazini.